Klorokwini ya kuwekea seli: niponde vidonge au ninunue ya unga?

mwana_wa_seli: Wakuu, habari za jioni. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili hapa Dar, natumia seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara). Nahitaji klorokwini ya kuzuia otofajia (seli kumeng'enya vitu vyake yenyewe), mikromola 50. Wakala kaniletea profoma, bei inakata maini. Rafiki kanishauri nichukue vidonge vya duka la dawa, niponde, niyeyushe kwenye DMSO (kimiminika cha kuyeyushia dawa), nichuje. Itakubali? Halafu kwenye katalogi naona klorokwini mbili: moja uzito wa molekuli 319.87, nyingine 515.86. Ni ipi?

kijana_wa_Ubungo: Hivyo vidonge utavipata duka gani mkuu? Klorokwini ilitolewa kwenye tiba ya kawaida ya malaria Tanzania tangu 2001, ikaja dawa ya SP, kisha dawa ya mseto ya ALu mwaka 2006. Ukiviona mahali, angalia kwanza tarehe ya kuisha muda.

FundiPipeti: Mdogo wangu, vidonge achana navyo. Kidonge kina wanga, ulanga na vikorokoro vingine vya kukishikanisha. Vingine vitabaki kwenye chujio, vingine vitapita, na wewe hutajua ni vipi. Seli zikifa, utasema zimeuawa na nini? Msimamizi wako atakuuliza usafi wa dawa ni asilimia ngapi utabaki unamwangalia.

Hizo mbili ni dawa ileile. Ya 319.87 ni klorokwini tupu, kwenye maji haiyeyuki vizuri. Ya 515.86 ni chumvi yake, difosfeti, namba ya CAS (ya kuitambulisha kemikali) 50-63-5. Nunua hiyo. Inayeyuka kwenye maji bila shida, na kwenye DMSO inagoma, kwa hiyo ushauri wa rafiki yako umekosea mara mbili.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoteleza: hesabu ifuate kilichoandikwa kwenye chupa yako, si makala uliyosoma. Stoku (myeyusho mzito wa kuzimulia baadaye) ya milimola 10 inataka miligramu 5.16 kwa kila mililita. Ukipiga hesabu kwa 319.87 huku umeshika chumvi, stoku yako inakuwa milimola 6.2, na ile 50 yako kwenye seli ni 31 tu. Utakaa unailaumu antibodi ya kupimia matokeo bure.

Usipime miligramu 5, mizani zetu nyingi haziaminiki huko chini. Lenga 52 hivi, za stoku ya mililita 10. Wala usihangaike kuchokoa chembe na kijiko mpaka mizani isome unachotaka. Chukua kilichodondoka, kisha rekebisha maji. Ukisoma 53.4, gawa kwa 5.16, weka mililita 10.35. Chuja kwa chujio la mikromita 0.22, gawa kwenye tyubu ndogondogo, zungushia foili maana haipendi mwanga, weka friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Tyubu ikishayeyushwa usiirudishe. Mikrolita 5 za stoku kwa kila mililita ya midia (maji ya kukuzia seli), umepata mikromola 50.

dada_maabara: Naongezea. Mwombe wakala cheti cha uchambuzi cha bechi yenyewe, si karatasi ya jumla ya bidhaa. Na kama mnaagiza nje wenyewe, ulizieni mapema kibali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, msisubiri mzigo ukiwa uwanja wa ndege. Ulizia pia maabara za jirani: unga huu hutumika kidogo sana, chupa moja hukaa miaka.

mwana_wa_seli: Shikamoo fundi, asante sana. Dada, asante pia. Msimamizi ametaja bafilomisini A1, dawa nyingine ya kuzuia otofajia, kama dawa ya kulinganishia. Nayo ni ya maji?

FundiPipeti: Marahaba. Hapana, hiyo ndiyo ya DMSO. Watu hutumia nanomola 100. Seli zisizopewa dawa nazo ziwekee DMSO kiasi kilekile, usizidishe asilimia 0.1 kama unaweza. Chupa ya DMSO ifunge haraka, inavuta unyevu, na Dar unyevu tunao wa kugawa. Ukiikuta imeganda asubuhi chini ya kiyoyozi usiitupe, huganda kwenye nyuzi 18.5, ishike mkononi itayeyuka.

Ila kama bajeti ni ya dawa moja, anza na klorokwini. Bafilomisini inauzwa kwa mikrogramu, ile profoma ya kwanza utaiona rahisi.