Kujitolea Western States 100 ukiwa na mzazi: Foresthill, mtoni Rucky Chucky au kufagia njia?

Mchaichai: Wakuu, Juni tunataka kujitolea Western States, mbio za maili 100 za njia za milimani kule California, mimi na mzee wangu. Ana miaka 64, macho mazima, ila goti halipendi mteremko. Tunapima sehemu tatu: kituo cha huduma cha Foresthill, kivuko cha mto cha Rucky Chucky, au kufagia njia, yaani kumfuata mkimbiaji wa mwisho asibaki porini. Ipi inatufaa wote wawili?

Kibuyu: Kufagia kufute kabisa. Kutoka Foresthill hadi mtoni ni kama kilomita 26, sehemu kubwa ni kushuka, na mfagiaji anaipita usiku. Mtu wa mwisho akikaa chini akagoma, humwachi, na huko bondeni usitegemee simu. Halafu kuna poison oak, mmea unaowasha ngozi, pembeni mwa njia: vaa suruali ndefu na mikono mirefu, ukitoka jisugue kwa sabuni, maana mafuta yake hayaondoki kwa maji matupu. Goti likileta shida katikati, timu ya kumwokoa mkimbiaji inageuka timu ya kumwokoa mzee.

Dada Mwendo: Naunga mkono. Mtoni nako watu wanapapenda kwa picha. Maji yakiwa kidogo inavutwa kamba toka ng'ambo hii hadi ile, na wanaojitolea wanasimama ndani ya maji baridi wamevaa nguo za mpira, wakimwongoza kila mkimbiaji aweke mguu wapi. Mwaka wa theluji nyingi wanavushwa kwa boti. Ipi itatumika inategemea mto, kwa hiyo usimwahidi mzee kazi fulani. Wa mwisho wanavuka karibu na alfajiri ya Jumapili. Kukesha kwenye korongo ukiwa na miaka 64 si mchezo.

Barafu Mbili: Foresthill, bila kusita. Mbio zinaanza Olympic Valley saa 11 alfajiri Jumamosi, na Foresthill ni maili ya 62, yaani karibu kilomita 100. Wanaoongoza wanaingia mchana, kituo kinafungwa karibu na saa 6 usiku. Gari linafika, na mzee atapata pa kukaa.

Ombeni kazi ya namba, ni ya watu wawili. Wewe simama hatua 50 kabla ya meza, soma namba kwa sauti, tarakimu mojamoja: "moja, sita, nane". Mzee anaandika namba na saa ya kuingia, na upande wa pili wa kituo kuna anayeandika kutoka. Ukisema haraka, 168 inakuwa 186. Giza likiingia, mulika kiunoni, usimulike usoni. Wengi wamefunga namba kwenye mkanda na jaketi limeifunika, mwambie tu "namba, tafadhali". Kosa baya kuliko yote ni mtu kuacha mbio, akapanda gari la ndugu zake bila kuandikwa. Huyo atatafutwa porini usiku kucha naye amelala hotelini.

Kibuyu: Sawa, lakini kijana mwenye nguvu kushika daftari siku nzima ni hasara. Mzee na namba, wewe na kujaza chupa za wakimbiaji.

Mchaichai: Kwenye chupa kuna la kujifunza kweli?

Barafu Mbili: Lipo. Uliza kwanza: maji matupu au ya chumvi? Barafu inatangulia, maji baadaye. Funga, pindua chupa chini juu uone kama inavuja, ndipo umrudishie. Mfuko wa maji wa mgongoni ukishaujaza, kamua hewa itoke, la sivyo maji yatacheza mgongoni hadi Auburn, mbio zinakoishia. Usishike mdomo wa mpira kwa vidole. Na ndoo ya sponji isikae karibu na ndoo ya kunywa. Mtu aliyetoka kwenye joto la nyuzi 38 anachovya chupa popote.

Dada Mwendo: Ongeza hili: usimshindilie mtu maji kwa huruma. Vidole vimevimba, pete imebana, kichefuchefu, anajibu ovyo? Huenda amekunywa kupita kiasi na sodiamu ya damu imeshuka. Maji zaidi yanamzamisha. Mpeleke kwa madaktari wa kituo, wao ndio waamue. Mwenye akili timamu anayesikia baridi tu, mpe mchuzi wa moto na umwondoe kwenye kiti kabla misuli haijakaza.

Mchaichai: Basi Foresthill. Tunajiandikishaje ili tusitenganishwe?

Kibuyu: Kila kituo kina nahodha wake. Mwandikieni mapema, ujumbe mmoja wenye majina yote mawili, mtaje goti waziwazi na mwombe zamu moja. Na zamu iishe kabla hamjachoka kuendesha. Barabara ya kushuka Auburn ina kona nyingi.

Barafu Mbili: Kiti cha kukunja mje nacho. Vya kituoni ni vya wakimbiaji.