Herceptin inafanya kazi mwilini, mbona kichwani imeshindwa?

Kitindamimba: Habari zenu. Mama ana saratani ya matiti, HER2 chanya, yaani seli za saratani zina protini ya HER2 kwa wingi, nayo huzichochea kukua. Yuko kwenye Herceptin, dawa ya kuizuia HER2, na picha za kifua na ini ziko safi. Ila alianza kukosea vifungo vya blauzi, cha juu anakitia tundu la chini, halafu mkono wa kushoto ukawa mzito. MRI imeonyesha uvimbe kwenye ubongo, zaidi ya mmoja. Daktari anasema mionzi kwanza, kisha tuongeze vidonge vya Tukysa. Kama Herceptin inafanya kazi kwingine kote, kwa nini kichwani ishindwe?

Baba Pacha: Pole sana, ndugu. Mke wangu amepitia hapo hapo. Herceptin ni molekuli kubwa, na kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebanana mno, kwa hiyo inayopenya ni kidogo. Tukysa ni molekuli ndogo, inaingia ndani ya seli na kuizima HER2 huko huko. Haitolewi peke yake: Herceptin inaendelea, na vidonge vya kemo vya Xeloda vinaongezwa.

Kilichonipa moyo ni utafiti wa HER2CLIMB. Wagonjwa 612, na karibu nusu yao saratani ilishafika kwenye ubongo. Tafiti nyingi huwaacha nje watu kama hao! Katika kundi hilo la ubongo, nusu ya waliopewa Tukysa waliishi zaidi ya miezi 21. Kwa wasiopewa ilikuwa kama 12 na nusu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Aprili 2020.

Sasa matatizo yake. Kuhara kupo, dawa ya kuzuia iwe nyumbani kabla hajameza kidonge cha kwanza. Xeloda nayo inaunguza viganja na nyayo. Mke wangu alikuwa hawezi kufungua kifuniko cha chupa, ngozi ya vidole imekuwa laini na nyekundu. Krimu ya urea ilisaidia, na daktari akapunguza dozi. Damu ya kupima ini msiikose.

Nesi Zamu ya Usiku: Naongezea: muulizeni daktari kuhusu Enhertu pia. Ni kingamwili (protini inayoinasa HER2) iliyobebeshwa dawa ya kemo. Nayo ni kubwa, lakini katika utafiti wa DESTINY-Breast12, matokeo ya 2024, uvimbe wa ubongo ulipungua kwa wagonjwa kama 7 kati ya 10. Hatari yake ni mapafu: kikohozi kipya au kuhema kwa shida, pigeni simu siku hiyo hiyo.

Kitindamimba: Asanteni sana. Jambo jingine, amewekwa kwenye deksamethazoni. Usiku halali, anazunguka nyumba nzima akitafuta chakula.

Nesi Zamu ya Usiku: Hiyo ndiyo tabia yake. Inapunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, lakini inafukuza usingizi na kupandisha sukari. Ulizeni kama dozi ya mwisho inaweza kutolewa mchana badala ya jioni, na apimwe sukari. Msiikatishe ghafla wenyewe, hata akionekana mzima.