Nyumba mbovu Mji Mkongwe wa Zanzibar: aliyetolewa ana haki ya kurudi?

MWANZISHA MADA: Jamani, masika haya yanakuja na maneno yameanza tena mitaani. Nyumba zilizokwisha kutangazwa hazifai kukaliwa, waliomo watolewe, wakigoma watolewe kwa askari. Mimi nasema watolewe. Beit al-Ajaib, jumba la 1883, lilikuwa kwenye matengenezo lilipoporomoka upande wa mbele pamoja na mnara tarehe 25 Disemba 2020, wakafariki watu 2. Hilo ni la serikali, na lilikuwa na mafundi. Sembuse nyumba ya mtaani Kiponda yenye familia tele na fundi hana habari nayo! Lakini nijibuni na hili: anayetoka anapewa haki ya kurudi?

MKAAZI WA MALINDI: Sheikh wangu, hilo la mwisho ndilo ungeanza nalo. Watu wanaambiwa "hameni, itakuuweni", wanajibanza kwa jamaa zao Mwanakwerekwe. Ukipita tena, nyumba imepakwa rangi, kila chumba kina kitanda cha kuchonga na mgeni analipa kwa dola. Kumbe ulikuwa unatibika ubovu wenyewe! Sisemi zote, lakini hapo ndipo watu wanapogoma.

FUNDI CHOKAA: Nyingi zinatibika kweli. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu imelala juu ya boriti za mikoko. Paa likivuja, boriti inaoza kichwani, pale ilipoingia ukutani. Kwa nje huoni kitu, mpaka siku sakafu inakuja chini na watu wake. Kisha mtu anapiga plasta ya saruji juu ya chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, na darini anapandisha tangi la maji. Anayehukumu nyumba kwa kutazama nyufa akiwa barabarani anabahatisha, akisema mbovu au akisema nzima. Fungueni vichwa vya boriti kwanza.

BI MWENYE NYUMBA: Na mie je? Nyumba ya urithi, warithi wengine wako Oman, hatujakutana sote tangu tanga la mzee. Kodi yenyewe hainunui hata chokaa ya chumba kimoja. Nikipandisha, dhalimu. Nikitaka kutengeneza kwa rahisi, Mamlaka ya Mji Mkongwe inakataza, maana tumo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Sawa, urithi wa dunia, lakini mbona dunia hainiletei boriti?

MWANZISHA MADA: Bibi, kwa hilo huna wa kukulaumu. Bado nasema watolewe, ila ilani itaje kilichooza, muda wa matengenezo na jina la kila mpangaji atakayerudi. Tuanze na nyumba za wakfu, zile zilizotolewa sadaka ya kudumu. Huko hakuna kutafuta warithi Muscat, msimamizi ni mmoja, Kamisheni ya Wakfu.

MKAAZI WA MALINDI: Kwa wakfu nakubali. Sasa hiyo kodi ya kurudia, ni ile ile au mpya?