Tumelipia majarida ya kitaaluma ya mtandaoni, mbona mwanafunzi adaiwe jina na barua pepe ndipo asome?

Wakutubi wenzangu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, hili jambo limezidi.

Chuo kinalipa ada ya mwaka, tena kwa dola. Tunampa mchapishaji anwani zetu za IP, yaani namba zinazotambulisha mtandao wetu, anaziingiza kwenye mfumo wake, na kila kompyuta iliyo ndani ya mtandao wa chuo inatambulika bila swali. Ndivyo tulivyokubaliana. Kisha bila notisi yoyote, mwanafunzi anabofya PDF na anakutana na fomu: jina, barua pepe ya chuo, nywila, idara, cheo, wengine hadi tarehe ya kuzaliwa. Asipojaza, hasomi. Nani alitia sahihi hilo?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado hajafunguliwa barua pepe ya chuo, na akiweka ya Gmail anakataliwa. Aliye nayo anatumiwa kiungo cha kuthibitisha, kinaangukia kwenye spamu, na anapokiona kimeshaisha muda. Daktari au mwalimu anayeingia maktaba kutoka mjini, ambaye mikataba mingi inamruhusu kusoma akiwa ndani ya jengo, hana barua pepe ya chuo na hatawahi kuwa nayo. Ruhusa imeuzwa, kisha ikafungiwa mlangoni.

Aliye nje ya chuo ndiye anayeumia zaidi. Mwanafunzi wa atachimenti kule Siaya au Bungoma anatumia data ya simu, na anwani ya IP anayoipata anaigawana na wateja wengine wengi wa kampuni ya simu. Haimtambulishi kwa lolote, kwa hivyo lazima apitie proksi yetu, yaani seva ya chuo inayompitisha aonekane kama yuko ndani. Proksi nayo inapitisha tu domeini (majina ya tovuti) tulizoziandika kwenye mipangilio yake. Mchapishaji akihamishia usajili kwenye domeini nyingine ambayo hakututajia, kivinjari kinachopoka nje ya proksi katikati ya safari, kinarudi na anwani ya simu, na mwanafunzi anaambiwa chuo chake hakijalipia. Unaweza kuongeza kwenye mipangilio ya proksi mistari ya Host na Domain inayotaja ukurasa huo, na itafanya kazi. Lakini sasa nywila anayoiandika inapita kwenye seva yetu, na wengi hutumia nywila hiyo hiyo kila mahali. Tumegeuzwa walinzi wa siri ambazo hatukuziomba.

Eti wachapishaji wanataka takwimu za matumizi. Hapana! Kanuni za COUNTER za kuhesabu matumizi ya majarida ya mtandaoni, ambazo wachapishaji wakubwa wenyewe wanazifuata, zinatambua kipindi cha msomaji asiye na akaunti kwa kuunganisha anwani ya IP, aina ya kivinjari, tarehe na saa. Jina halihitajiki. Na kinachonikera kuliko yote ni hiki: ripoti ya walionyimwa makala ina mafungu mawili tu, wa chuo kisicho na leseni na waliokuta nafasi za watumiaji zimejaa. Aliyeiona fomu akakata tamaa akaondoka haonekani popote. Mwisho wa mwaka matumizi yanasoma chini, gharama ya kila makala inapanda, na ofisi ya fedha inatuuliza kwa nini jarida lisikatwe. Wao ndio waliowafukuza wasomaji, sisi ndio tunaojieleza.

Wakisema ni usalama, njia ipo. Kwa SAML, utaratibu wa kuingia kwa akaunti ya chuo, chuo kinamthibitisha mtu wake chenyewe, kisha kinamwambia mchapishaji kwamba huyu ni wetu, pamoja na alama ya kificho isiyotaja jina. Mtu akipakua kupita kiasi, watutumie alama hiyo, sisi tutamjua. Akaunti ya hiari, ya kuhifadhi utafutaji au kupokea arifa za matoleo mapya, sina ugomvi nayo. Ugomvi ni kulazimisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 25, inataka ikusanywe ile data inayohitajika tu. Tarehe ya kuzaliwa inahitajika kwa nini ili mtu asome makala ya magonjwa ya mahindi?

Mkataba ukija wa kuhuishwa, msitie sahihi kabla ya kujaribu. Fungueni dirisha la faragha kwenye kompyuta ya maktaba, kisha mjaribu kwa simu kupitia proksi, waifai ikiwa imezimwa. Fikeni hadi kwenye PDF yenyewe, msiishie kwenye muhtasari, maana fomu mara nyingi hujificha hapo mwisho. Halafu mdai sentensi hii iingie: "Mtumiaji aliyeidhinishwa hatatakiwa kufungua akaunti binafsi ili kusoma au kupakua." Chuo kimoja kikiandika peke yake kinajibiwa asante kwa maoni. Kwa hivyo tuipeleke KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, iwe sharti letu sote kwenye mazungumzo ya bei.

Wekeni hapa chini mliyokutana nayo: fomu inadai nini, inatokea hatua gani, iko kwenye domeini ipi. Mkiweka picha ya skrini, fichani jina la mwanafunzi.