Fundi wa maabara ni mwandishi wa makala, au ni wa kushukuriwa tu?

Mleta mada (fundi sanifu maabara)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa rohoni miaka kadhaa, naomba tulijadili bila kutukanana.

Nilikuwa kwenye maabara ya kemia iliyokuwa ikitengeneza kihisi cha kupimia sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, kwenye mahindi. Vipimo vingi vya haraka vilivyopo vinatumia kingamwili, na kingamwili ni protini. Ukiziacha kwenye ghala lenye joto zinaharibika. Sisi tulitaka polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki. Unachanganya malighafi ya polima na molekuli za sumu yenyewe, polima inaganda ikiwa imezizunguka, halafu unaziosha zitoke. Zinabaki nafasi zenye umbo la sumu ile, kama unyayo kwenye tope lililokauka. Ukipitisha juu yake maji ya unga yaliyochujwa, sumu ikiwemo inarudi kukaa kwenye nafasi zake na kifaa kinasoma mabadiliko. Ni wazo zuri na nalipenda mpaka leo.

Tatizo likawa kwamba kifaa kilisoma sumu hata kwenye mahindi safi. Miezi mitatu wakubwa wanabadilisha waya, wanabadilisha programu, wanabadilisha mahindi. Mimi ndiye niliyekuwa naosha zile polima. Siku moja nikapitisha kimiminika kitupu, bila unga wowote, na kifaa kikasoma sumu. Nikajua haitoki kwenye mahindi. Ilikuwa imebaki ndani ya polima na inavuja kidogo kidogo. Nikaacha kuosha kwa saa chache kama nilivyoelekezwa, nikaosha kwa methanoli iliyotiwa asidi ya siki siku mbili usiku na mchana, huku nikipima maji ya mwisho mpaka yasomeke sifuri. Kifaa kikatulia.

Makala ilitoka na majina saba. Mmoja kati ya hao saba sijawahi kumwona akiingia maabara. Mimi nimo kwenye shukrani, bila jina, ndani ya maneno "wafanyakazi wa maabara". Je, nilistahili kuwa mwandishi? Na hizi alama ambazo watafiti hupewa kwa kila makala ili wapande vyeo, zinapogawanywa kwa idadi ya waandishi, zinatusaidia au zinatuua?

Mhadhiri wa chuo kikuu

Pole ndugu yangu. Jina lako lilipaswa kutajwa, na huyo ambaye hakuonekana maabara alipaswa kuondolewa. Ila kwenye uandishi naomba nikupinge.

Majarida mengi yanafuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Uwe umechangia kwa uzito wazo, muundo au data. Uwe umeandika au umehariri kwa kina. Uwe umeridhia toleo la mwisho. Na uwe tayari kujibu kwa ajili ya kazi yote. Mtu atimize yote manne. Kuosha polima ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya, na uliifanya vizuri sana. Tukisema kila aliyefanya kazi yake vizuri ni mwandishi, tutafika walikofika wanafizikia wa Geneva: mwaka 2015 walichapisha makala ya kupima uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kurasa 33, na 24 kati yake ni majina na taasisi. Likitokea kosa humo utamuuliza nani?

Kugawanya alama nako nakutetea. Kabla ya hapo tulikuwa tunabebana mchana kweupe: weka jina langu kwenye yako, nami nitaweka lako kwenye yangu.

Mwanafunzi wa uzamivu

Mwalimu, shikamoo. Masharti manne umeyataja sawasawa, ila umeacha maelezo yanayofuata palepale. Kamati hiyo hiyo inasema masharti yale yasitumiwe kumwengua mtu aliyetimiza la kwanza kwa kumnyima nafasi ya kutimiza la pili au la tatu. Kwa hiyo swali ni hili: mleta mada alipewa rasimu aisome? Kama hakupewa, huwezi kumwambia "hukuandika".

Mleta mada

Rasimu sikuiona. Makala niliisoma ikiwa imeshatoka.

Mwanafunzi wa uzamivu

Basi hapo ndipo shida ilipo. Na kazi ya mikono kama "kuosha" si jambo dogo kwenye fani hii. Mwaka 1967, kwenye maabara ya Hideki Shirakawa huko Tokyo, mtafiti mgeni kutoka Korea, Pyun, alitia kichocheo kama mara elfu moja ya kipimo kilichokusudiwa. Badala ya unga mweusi ikatokea utando unaong'aa kama fedha. Kutoka kwenye utando huo, baada ya miaka kumi, ikapatikana polima inayopitisha umeme, na vihisi vingi vya polima vya leo vimejengwa juu ya ugunduzi huo. Makala ya 1977 ina waandishi watano, Pyun hayumo. Nobeli ya kemia ya 2000 ikaenda kwa watatu: Shirakawa, MacDiarmid na Heeger. Shirakawa mwenyewe amelisimulia lile kosa hadharani, na namheshimu kwa hilo. Lakini ona jinsi majina yanavyopukutika kila heshima inapopanda ngazi.

Kuhusu alama, kile kipimo cha h alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, kinachompima mtafiti kwa idadi ya makala zake na mara zinazonukuliwa, hakitofautishi makala ya mtu mmoja na ya watu hamsini, kwa hiyo kinalea kubebana. Kugawanya sawa kwa sawa kunafanya kinyume chake: mkubwa anaanza kukata majina, na huwa anaanzia chini. Mimi naona tuandike nani alifanya nini. Upo mfumo wa majukumu 14, tangu 2022 ni kiwango rasmi Marekani: nani alibuni, nani alifanya majaribio, nani alihakiki matokeo, nani alitafuta fedha. Asiyeonekana maabara ataandikiwa jukumu gani hapo?

Mhadhiri wa chuo kikuu

"Usimamizi." Ataandikiwa usimamizi, kijana wangu. Nimeshaona. Majukumu hayo huwa yanajazwa na mtu mmoja usiku wa kutuma makala.

Mwalimu wa fizikia, sekondari

Mnakwenda mbali wakati mfano upo nyumbani. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoweka maziwa ya moto kwenye friji na kuona yanaganda kabla ya ya wenzake yaliyopoa. Aliyemwamini ni Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, aliyekwenda kuzungumza Mkwawa, Iringa, wakati Mpemba ameshahamia huko. Makala yao ya 1969 inaanza na jina la Mpemba, halafu Osborne. Mwanafunzi wa sekondari mbele, mhadhiri nyuma! Na kila mmoja aliandika sehemu yake kwa maneno yake mwenyewe. Mwalimu mwenzangu hapo juu, Mpemba hakuwa na shahada hata moja wakati anaona lile jambo.

Lakini naifundisha makala hiyo kila mwaka, na kuna mtu mmoja ndani yake hunisumbua. Osborne aliporudi Dar alimwomba fundi kijana wa maabara ajaribu. Fundi akajaribu, akaripoti kwamba kweli ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi. Wasomaji wameyachekelea maneno yake kwa zaidi ya miaka hamsini. Jina lake halimo. Na yeye ndiye wa kwanza kulithibitisha jambo lile chuoni.

Mfanyabiashara wa nafaka, Dodoma

Samahanini wasomi, mimi nanunua mahindi Kibaigwa, alama za vyeo sizijui. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 huku kwetu Dodoma na Manyara. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Kikomo chetu Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Nilipiga hesabu: lori zima la tani 30 likiwa kwenye kikomo, sumu yote iliyomo haifiki hata nusu gramu. Kifaa kikikosea kidogo tu, ama nimelisha watu sumu ama nimemwaga mtaji wa mwaka mzima.

Mhadhiri amesema mwandishi ni yule awezaye kujibu. Sawa. Mimi nikipata kifaa kinachosoma sumu kwenye mahindi safi, kati ya wale saba ni nani angenijibu?

Mhadhiri wa chuo kikuu

Mama, umenikamata. Kwa kisa hiki, aliyefanya jaribio la kimiminika kitupu ndiye aliyeokoa matokeo, na hilo ni wazo, halikuwa ndani ya maelekezo aliyopewa. Narudisha nusu ya niliyosema. Kila anayeosha si mwandishi, hapo nabaki. Lakini huyu alitakiwa kupewa rasimu. Na kamati za vyeo zikitaka kugawa alama, zisimhesabu mtu wa kada ya ufundi, kwa sababu yeye hapandi cheo kwa makala, kwa hiyo jina lake halimpunguzii mtu kitu.

Mleta mada

Asante mwalimu, na asante mama. Hukuuliza bure, nikujibu kwa lililotokea.

Kwenye makala, sehemu ya mbinu, imeandikwa kwamba sumu "iliondolewa kwa kuosha". Siku mbili hazimo. Kupima maji ya mwisho hakumo. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa nchi nyingine alimwandikia mkubwa wetu barua pepe: amefuata kila hatua, lakini polima yake inasoma sumu kwenye mahindi safi, amekosea wapi? Barua ikasogezwa kwangu nijibu. Niliandika kurasa mbili, nikaeleza methanoli, asidi, saa ngapi, na namna ya kujua kwamba imetoka yote.

Majibu yalikwenda yakiwa na sahihi ya mkubwa.