Mjadala: Mazungumzo ya waandishi kuhusu ndoa, maikrofoni iachwe wazi kwa kila mtu?

Msomaji wa Kibokoni
Asalaam aleikum jamaa. Jumamosi hapa mjini Mombasa waandishi wawili wa vitabu vya ndoa na malezi walizungumza mbele ya watu. Jambo zuri, na tunalihitaji. Lakini ilipofika zamu ya maswali, maikrofoni ikazungushwa ovyo. Bibi mmoja akasimama akaeleza ya nyumbani kwake, akataja kazi ya mumewe na mtaa wanaokaa. Kabla ya isha video ishafika kwenye magrupu ya WhatsApp. Mji wenyewe huu, ukishataja mtaa na kazi umemtaja mtu. Nasema maswali yaandikwe kwenye kadi, na kamera ielekee jukwaani tu. Mnaonaje? Yule mwandishi aliyesema masomo, yaani wale mabibi wanaowafunda wari, wamepitwa na wakati, na kwamba mke wa nyumbani asihofu kwani korti hugawa mali nusu kwa nusu, huyo simo naye leo.

Bi Somo, Majengo
Wewe humo naye, mimi nimo. Anayesema masomo wamepitwa na wakati anadhani kazi ya somo ni kumsugua mwari singo na kumfukiza udi. Singo ya liwa, karafuu na marashi hata dukani inauzwa. Somo humfundisha mwari josho na usafi wa hedhi, pesa ya matumizi igawanywe vipi ifike mwisho wa mwezi, mume akirudi na hasira aachwe kwa muda gani kabla ya kuulizwa, na jambo gani lipelekwe kwa wazee na lipi liishie chumbani. Na arusi ikisha mlango haufungwi. Mke akikwama hata baada ya miaka, anajua pa kwenda na maneno hayatatoka. Huyo bibi wa Jumamosi angekuwa na somo asingeililia maikrofoni.

Mwana Kisauni
Bi Somo sawa, lakini la nusu kwa nusu mwandishi hakukosea. Mahakama ya Juu ya Kenya ilishaamua, mwaka 2022 au 2023. Ilitangazwa kila redio.

Karani wa Tononoka
Ni tarehe 27 Januari 2023, na haikuamua hivyo. Ilisema usawa wa kifungu cha 45(3) cha Katiba haumaanishi mali igawanywe nusu moja kwa moja ndoa ikivunjika. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Mkanganyiko unatokana na hili: katika kesi ile mke alibaki na nusu, watu wakashika matokeo wakaacha sababu. Alipata nusu kwa kuwa mchango wake ulithibitika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 7, iko vivyo hivyo, mali hufuata mchango. Kumwambia mama wa nyumbani asihofu, kisha asiweke hata karatasi moja, ni kumpeleka kortini mikono mitupu.

Kijana wa Likoni
Ndiyo hayo! Mtu asimame kwenye jua la bandarini miaka kumi, ajenge, halafu tuambiwe kupika wali ni mchango wa nyumba?

Karani wa Tononoka
Tuambiwe na sheria yenyewe, kifungu cha 2. Mchango si pesa tu. Kimetaja kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa pamoja na mwenzio, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Shida ni ushahidi. Wa pesa ana risiti za saruji na mabati, taarifa ya M-Pesa, karatasi za mkopo. Wa jikoni ana mashahidi tu, na majirani huhama. Kwa hivyo aliyesimamia duka aweke daftari kwa mwandiko wake, tarehe kila ukurasa. Mke akitoa pesa ya ujenzi, aitume kwa simu badala ya kumpa fundi mkononi.

Bi Somo, Majengo
Kijana, chukua yaya, mpishi na dobi, uwalipe mwezi mmoja, kisha urudi hapa na hesabu yako ya jua la bandarini.

Kijana wa Likoni
Bi mkubwa mimi nakuheshimu, lakini mwanamume naye anachoka. Kila jukwaa la ndoa siku hizi ni la kumshitaki yeye.

Mwalimu wa Guraya
Nyote mnasahau wengi wetu hapa ni nani. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo hiyo kinasema Mwislamu anaweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na Katiba kifungu cha 170 kinampa Kadhi ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Kwetu ndoa haichanganyi mali. Cha mke ni cha mke, mahari yake ikiwa ya kwanza, na nafaka, yaani matumizi ya mke, ni juu ya mume hata mke awe na mshahara. Hapo ndipo wanawake wanapoumia. Anampa mume pesa za kumalizia ghorofa, hakuna maandishi, ikija talaka anaambiwa ilikuwa hiba. Semeni mapema kama ni deni, zawadi au ushirika, muandike, mashahidi wawili watie sahihi. Qurani imeamrisha deni liandikwe, wala haikumtoa mume.

Msomaji wa Kibokoni
Jamani, kadi! Ninachotaka ni hiki. Kuanza saa kumi baada ya alasiri, kumaliza saa kumi na mbili kasoro robo ili wa feri wavuke kabla ya giza. Kadi na penseli mlangoni, sanduku moja. Waandishi wakiwa bado wanasoma, watu wawili wanapanga kadi kwa mada, zinazofanana zinasomwa kama swali moja. Atakayesisitiza kusema mwenyewe, mhudumu ashike maikrofoni yeye, asimkabidhi. Ukimkabidhi mtu mwenye uchungu, humnyang'anyi tena.

Mpenda Vitabu, Nyali
Kamera nakubali. Kadi nakubali nusu tu: anayezipanga atatupa zile ngumu, waandishi waulizwe walivyoanza kuandika. Basi mmoja wa wapangaji atoke kwa wasikilizaji, achaguliwe pale pale. Na mmewasahau watoto. Mzazi husimama akasema mwanangu wa darasa fulani, shule fulani, bado anakojoa kitandani. Mtoto huyo kesho yuko darasani na wenzake wameona video. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia habari za mtoto, lakini hapa mzazi ndiye aliyezitoa. Msimamizi lazima aseme kabla ya swali la kwanza: umri tajeni, jina na shule msitaje.

Mwana Kisauni
Mazuri hayo. Karani, nyumba ikiwa kwa jina la mume peke yake, mke ashatoka?

Karani wa Tononoka
La. Kifungu cha 14: mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa anamshikia na mwenzake, mpaka ithibitishwe vingine. Majina yakiwa mawili, huchukuliwa mna haki sawa, na hilo pia laweza kupingwa kwa ushahidi.

Kijana wa Likoni
Na nyumba bila ardhi? Huku kwetu nyumba ni yako, kiwanja cha mwenyewe, unalipa kodi ya ardhi. Hati ya kuandika majina mawili iko wapi?

Karani wa Tononoka
Sasa umeuliza swali la Mombasa. Mnachoweza kugawana ni jengo, ardhi si yenu. Ushahidi ni yale mapatano ya kununua au kujenga nyumba, na risiti za kodi ya kiwanja. Mapatano yaandikwe kwa majina yenu wote wawili tangu mwanzo. Risiti nazo, kwa kawaida anayetumwa kulipa ni mke, lakini jina linaloandikwa ni la mume. Akienda kulipa, aombe na lake liandikwe.

Bi Somo, Majengo
Hili la risiti nitawaambia wari wangu.