Ngoro za Umatengo: shamba la mteremko nianzie wapi?

Mgeni wa Mbinga: Wakuu, shikamooni. Nimekulia Singida, kwenye tambarare, sasa nimeolewa Umatengo, huku milimani Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Mama mkwe amenipa shamba upande wa Litembo. Mlima mkali, majani kiunoni. Majirani wananikataza matuta, wanasema nichimbe ngoro, yaani mashimo yenye kingo pande zote. Nachimbaje, na mwezi gani?

Mkulima wa mlimani: Karibu sana dada. Fyeka Machi, mvua zikiwa bado zipo, uache majani yanyauke. Kisha yapange kwa mistari, mingine ikikata mteremko, mingine ikishuka nao, upate miraba ya hatua mbili hivi. Chimba katikati ya kila mraba, udongo ufunike majani pande zote nne. Maharage yanapandwa juu ya kingo hizo, siyo shimoni! Shimo ni la kushika maji na udongo unaoporomoka. Majani yakioza chini ndiyo mbolea yako. Mahindi yanafuata kwenye kingo hizohizo mvua za mwisho wa mwaka zikianza.

Binti Mmatengo: Kwetu kupanga majani ni kazi ya wanaume, kuchimba ya wanawake, na kuchimba ndiko kunakovunja mgongo. Mwambie shemeji ashike jembe pia. Ukirudia baadaye, mashimo mapya yachimbwe pale kingo zilipokutana.

Mgeni wa Mbinga: Asanteni mno. Mume wangu amesoma hapa, amekubali kuchimba.